Mkopo kwa dhamana ya pensheni Zanzibar: mwongozo kamili, tangu bahasha ya kwanza hadi barua ya kumaliza deni

Kila ikikaribia mwisho wa mwezi, hapa barazani kwangu Wete, Pemba, huja mstaafu na bahasha ya kaki mkononi. Anaamkia, anakaa, anavuta pumzi, kisha anasema maneno yale yale: "Maalim, wamenirudisha tena." Nikiifungua bahasha naona kosa lile lile nililoliona kwa aliyemtangulia. Majina hayalingani. Au pensheni inaingia benki nyengine na mkopo unaombwa nyengine. Au mtu ameomba fedha ambazo pensheni yake haiwezi kuzilipa hata akifunga Ramadhani mwaka mzima.

Nilisomesha hesabu skuli kwa muda mrefu kabla sijastaafu, na mkopo wa namna hii nimeshauchukua na kuumaliza. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, nyingi ya zinazofuata zitakurudisha kwake.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaanza. Benki haishiki akiba yako iliyoko kwenye Mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani ule unaokulipa pensheni. Inachokitegemea ni pensheni ya kila mwezi inayopita kwenye akaunti yako. Ukilielewa hili, utajua kwa nini benki wanauliza wanayouliza, na kwa nini kwenda Kilimani kuwaambia ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) "nikopesheni kwenye fedha zangu" hukumalizia nauli tu. Mfuko kazi yake ni kukulipa na kukupa karatasi za uthibitisho. Fedha za mkopo zinatoka benki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kile cha Taifa cha NIDA kama unacho. Nakala mbili mbili.
- Barua ya kustaafu kutoka kwa mwajiri wako.
- Karatasi ya mafao kutoka kwenye Mfuko, yenye namba yako ya uanachama na kiwango cha pensheni ya mwezi.
- Taarifa ya akaunti inayopokea pensheni, ya miezi 6 iliyopita, yenye muhuri wa benki.
- Barua ya sheha wa shehia unayoishi sasa. Ya shehia uliyozaliwa haitakufaa kama umeshahama.
- Picha ndogo za pasipoti, nne. Wakikutaka mbili, mbili zitabaki akiba.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Daftari na kalamu.

Hilo la laini ya simu watu hulidharau. Mama mmoja simu yake ilisajiliwa kwa jina la mwanawe aliyeko Unguja. Ujumbe wa benki wenye namba za siri ulikuwa unafika, lakini siku laini ilipozima hakuweza kuirudisha mpaka mtoto apande boti aje Pemba. Mkopo ulikaa wiki tatu kwa sababu hiyo peke yake.

## Hatua ya 1: Jua pensheni yako inatoka wapi

Usicheke. Wengi hawajui, wanajua tu kuwa "inaingia".

Aliyefanya kazi Serikali ya Mapinduzi au kampuni binafsi hapa Visiwani, kwa kawaida yuko ZSSF, Mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Aliyekuwa mtumishi wa taasisi ya Muungano kwa kawaida yuko PSSSF, Mfuko wa watumishi wa umma ulioundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kama karatasi zako bado zina jina la mojawapo ya hiyo minne, usizitupe, ila omba karatasi mpya yenye jina la sasa. Afisa mikopo kijana anaweza kuikataa karatasi ya PSPF kwa sababu hajawahi kuiona.

Kuna na Pensheni Jamii, ile ya wazee waliofika miaka 70, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo haihitaji uwe umewahi kuajiriwa. Ni fedha ya dawa na sukari. Usikubali mtu yeyote akukopeshe kwa kuitegemea.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema bila kusita: Mfuko gani, namba yangu ni hii, naingiziwa kiasi hiki, benki fulani, takriban tarehe fulani.

## Hatua ya 2: Linganisha majina, herufi kwa herufi

Hapa ndipo bahasha nyingi zinapofia.

Sisi Wazanzibari jina moja tunaliandika kwa sura nyingi. Khamis na Hamis. Mohamed, Mohammed na ule mkato wa "Mohd." Fatma na Fatuma. Othman na Athumani. Ukiongeza karani wa 1985 aliyeandika kwa taipureta yenye herufi moja mbovu, unapata mtu mmoja mwenye majina manne.

Panga karatasi zako zote mezani. Andika katika daftari jina kama lilivyo kwenye kila moja, na tarehe ya kuzaliwa pia. Kisha chagua jina la kitambulisho liwe ndilo kiongozi, kwa sababu mfumo wa benki unalinganisha na kitambulisho.

Tofauti ikiwa kwenye akaunti ya benki, nenda tawini na kitambulisho warekebishe. Ikiwa kwenye karatasi za Mfuko au barua ya kustaafu, kula kiapo kwa wakili au mahakamani kuthibitisha kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha ambatisha nakala kwenye kila seti.

Tahadhari: usibadilishe jina la kitambulisho ili lifuate karatasi ya kazini. Utatengeneza tofauti mpya kwenye hati ya nyumba, kadi ya hospitali na pasipoti.

## Hatua ya 3: Hesabu kinachobaki, si unachotaka

Nitakaa hapa kidogo, kwani hii ndiyo sababu iliyonifanya nishike kalamu.

Mtu akija kwangu namuuliza, "Unataka shilingi ngapi?" Hujibu haraka: milioni tatu, milioni tano. Nikimuuliza, "Baada ya makato, utabaki na ngapi kila mwezi?" hunyamaza. Swali la pili ndilo la kuanzia.

Chukua daftari. Andika pensheni yako ya mwezi juu ya ukurasa. Chini yake andika vitu ambavyo havingoji: mchele na unga, mafuta ya kupikia, umeme, maji, dawa za presha au sukari kama unatumia, nauli za wajukuu, mchango wa maziko na harusi. Michango iandike kweli kweli, maana hapa kwetu huwezi kumwambia jirani aliyefiwa kuwa mwezi huu nakatwa mkopo.

Kanuni yangu: rejesho, yaani fedha unayoilipa benki kila mwezi, lisizidi theluthi moja ya pensheni. Afisa mikopo anaweza kukuruhusu zaidi. Mwachie ruhusa yake, wewe shika theluthi.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu anapata 320,000 kwa mwezi. Theluthi yake ni kama 106,000. Anataka 3,000,000 kuezeka nyumba. Tuseme riba ni 15 kwa mia kwa mwaka. Kiwango hiki nimekichukua kwa ajili ya hesabu tu, cha benki yako utakiuliza.

Akilipa kwa miezi 24, na riba inahesabiwa juu ya deni linalopungua, rejesho ni kama 145,500 kwa mwezi. Limepita theluthi. Akivuta hadi miezi 36, rejesho linashuka hadi kama 104,000. Linaingia. Lakini angalia gharama: kwa miezi 24 angelipa riba kama 491,000, kwa miezi 36 atalipa kama 744,000. Mwaka mmoja wa ziada umemgharimu robo milioni.

Njia ya tatu watu hawaifikirii: akope kidogo. Kwa rejesho la 106,000 na miezi 24, pensheni yake inabeba kama 2,180,000. Je, paa haliwezi kuezekwa upande mmoja mwaka huu na upande wa pili baadaye? Mara nyingi linaweza.

Sasa sikiliza jambo linalowapoteza hata wasomi. Riba hiyo hiyo ya 15 kwa mia inaweza kuhesabiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni hiyo ya deni linalopungua: kila ukilipa, riba ya mwezi unaofuata inahesabiwa juu ya kilichobaki. Namna ya pili ni riba bapa: inahesabiwa juu ya milioni tatu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Kwa riba bapa, miezi 24, mwalimu wetu atalipa riba ya 900,000 na rejesho lake litakuwa 162,500. Asilimia ni ile ile, tangazo ni lile lile, tofauti ni zaidi ya laki nne.

Kwa hiyo usiulize "riba asilimia ngapi?" peke yake. Uliza: "Nikimaliza mkopo, nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi?" Jibu la swali hilo halijifichi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba tatu daftarini: rejesho la juu kabisa unaloweza kulibeba, miezi, na kiasi cha mkopo kinachotoka humo. Ukienda benki bila namba hizo, wao watakupa zao.

## Hatua ya 4: Amua kama ni mkopo wa riba au murabaha

Wengi wetu hapa ni Waislamu na jambo hili linatukera rohoni. Nimeona wazee wakichukua mkopo wa riba kwa haraka, kisha wanashindwa kulala. Bora uliamue kabla, nyumbani, kwa utulivu, na umuulize sheikh unayemwamini.

Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ina kitengo cha Ikhlas kinachofuata sharia. Amana Bank inafanya kazi nzima kwa misingi hiyo. Baadhi ya benki nyengine zina madirisha ya namna hiyo.

Murabaha unavyokwenda: wewe hupewi fedha. Unachagua kitu, tuseme mabati na mbao. Unaleta profoma kutoka dukani, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua. Benki inakinunua kitu kile, kinakuwa chake, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu zaidi, faida ikiwa imetajwa wazi na mkaikubali. Unalipa kidogo kidogo. Mabati ya 3,000,000, faida 500,000, unadaiwa 3,500,000. Kwa miezi 24 ni kama 145,800 kwa mwezi. Bei hiyo ikishakubaliwa haipandi tena.

Makosa ninayoyaona kwenye murabaha:

Kwanza, mtu anakwenda dukani, analipa arubuni au ananunua kabisa, kisha anapeleka risiti benki "wamrudishie." Hapo murabaha umekufa. Benki haiwezi kukuuzia kitu ambacho tayari ni chako. Kinachotakiwa ni profoma, si risiti. Usimpe mwenye duka hata shilingi.

Pili, mtu anapanga na mwenye duka aandike profoma ya uongo, kisha wagawane fedha. Akishafanya hivyo amekopa kwa riba na ameongeza uongo juu yake, na akikamatwa ana kesi. Kama haja yako ni fedha taslimu, mathalan ada ya mtoto chuoni, mwambie afisa ukweli na uulize wana mpango gani wa kisharia kwa haja hiyo.

Tatu, profoma imepitwa na wakati. Bei ya mabati hupanda. Ichukue siku chache kabla ya kupeleka maombi na hakikisha ina tarehe, muhuri na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Na murabaha nao uulizie jumla. Faida ya halali inaweza kuwa kubwa kuliko mfuko wako unavyoweza.

## Hatua ya 5: Hakikisha pensheni inapita benki unayoiomba

Benki itakukopesha ikiwa inauona mto ukipita mlangoni kwake. Kama pensheni yako inaingia benki A na unataka mkopo benki B, kuna kazi ya kufanya kwanza.

Fungua akaunti benki B. Chukua barua yao yenye namba ya akaunti. Nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko, Unguja au Chake Chake, jaza ombi la kubadilisha akaunti. Usimtume mtu. Sahihi yako na sura yako ndiyo ulinzi wa pensheni yako.

Tahadhari: usiifunge akaunti ya zamani mpaka uone pensheni imeingia mpya mara mbili mfululizo. Nimemwona mstaafu aliyefunga mapema, pensheni ikapelekwa kwenye akaunti iliyokufa, akakaa mwezi na nusu akikopa sukari dukani.

Kama bado una mkopo benki A, umalize kwanza au mwambie benki B waununue waziwazi. Kuhamisha pensheni kimya kimya ukiwa unadaiwa ni kuvunja mkataba, na deni lako litaonekana kwenye taasisi za taarifa za mikopo ambazo kila benki huangalia.

## Hatua ya 6: Maswali ya kuuliza kaunta

Nenda katikati ya mwezi. Siku za mishahara tawi linajaa na afisa hana muda na wewe. Nenda na mtoto au mwenzako mmoja mwenye masikio mazuri. Fungua daftari na uulize, ukiandika kila jibu mbele yake:

"Mwanangu, nikikopa kiasi hiki kwa miezi hii, nitalipa jumla ngapi?" "Riba ni bapa au ya deni linalopungua?" "Siku ya kupokea, mkononi nitapata ngapi baada ya ada na bima?" "Umri wa mwisho wa kumaliza mkopo ni miaka mingapi?" "Nikipata fedha za karafuu nikataka kulipa mapema, kuna adhabu?" "Nikifa, deni linakwenda wapi?"

Swali la tatu lina maana kubwa. Tuseme ada ya mkopo ni asilimia 1 na bima asilimia 2. Kwenye milioni tatu ni 90,000. Utapokea 2,910,000, lakini deni lako ni milioni tatu. Fundi ukimwahidi milioni tatu kamili utaumbuka.

La umri pia usilipuuze. Benki huweka umri ambao mkopo lazima uwe umekwisha. Mwenye miaka 66 anaweza kunyimwa miezi 60 na kupewa 36, na hesabu yote ya Hatua ya 3 inabadilika. Rudi nyumbani uifanye upya. Usiifanye pale kaunta.

Afisa akikataa kukuandikia majibu, au akisema "mzee, saini tu, mengine tutarekebisha," chukua bahasha yako uondoke.

## Hatua ya 7: Soma mkataba, hasa ukurasa wa bima

Omba mkataba uende nao nyumbani siku moja. Ukiwa kwa Kiingereza na wewe hukisomi, sema. Una haki ya kuelezwa masharti kwa lugha unayoielewa kabla hujatia saini.

Tafuta mambo haya: kiasi, jumla ya kulipa, rejesho, tarehe ya kwanza ya makato, tarehe ya mwisho, adhabu ya kuchelewa, na bima. Angalia pia kama kuna mahali panasema nyumba au shamba limewekwa dhamana. Mkopo wa pensheni, kwa kawaida, hauhitaji nyumba. Ukiona hati ya nyumba inatakiwa juu ya pensheni, simama. Nyumba ni ya wote mnaoishi humo, na usiiguse bila kukaa kitako na mke au mume na watoto wakubwa.

Bima ya mkopo ndiyo inayolipa deni ukifariki kabla hujamaliza. Kwenye mpango wa kisharia huitwa takaful. Usiikatae kwa kuona ni makato ya bure. Katika mirathi yetu deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Bila bima, wanao watauza ng'ombe au watakata kwenye shamba ili walipe, na ndugu watazozana mbele ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuhusu nani alijua na nani hakujua.

Omba karatasi ya bima yenyewe, si maneno. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ilipo. Nimekaa matangani mahali ambapo bima ilikuwepo, imelipiwa, na watoto waliendelea kulipa deni la baba yao miezi minane kwa kuwa hakuna aliyejua.

## Hatua ya 8: Kadi ya ATM haiwekwi rehani

Sitaki kuipita haraka hii, maana walionijia kwa machozi wote walipita hapa.

Mtu anarudishwa benki mara mbili, anachoka. Anaambiwa kuna fulani anakopesha pale pale, bila barua ya sheha. Mkopeshaji huyo anakupa laki tano, anachukua kadi yako ya ATM na namba ya siri. Kila pensheni ikiingia anakwenda yeye, anatoa, anakugawia kinachobaki. Ndiyo mikopo umiza hiyo, wengine wanaiita kausha damu. Mzee mmoja kutoka upande wa Konde alikopa laki nne. Alipokuja kwangu alikuwa ameshalipa zaidi ya milioni moja na bado anaambiwa anadaiwa. Hakuwa na karatasi hata moja.

Mikopo ya kwenye simu isiyo na leseni iko upande huo huo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Programu ikikutaka iruhusiwe kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, ifute. Wataanza kuwapigia wakwe zako.

Kama umeshanasa, fanya hivi, kwa mpangilio huu. Nenda tawini kwako na kitambulisho, useme kadi haiko mikononi mwako, waifunge na wakupe nyengine yenye namba mpya. Siku hiyo hiyo, andika barua kwa aliyekukopesha: ulichopokea, ulicholipa, unachokubali kudaiwa, na utakavyolipa kwa mwezi. Ipitishe kwa sheha, mkae watatu. Deni la asili usilikane. Ulikula fedha ya mtu, utairudisha. Unachokikataa ni yeye kushika mlango wa riziki yako. Akitishia, nenda polisi na nakala ya barua.

Na akikupigia mtu akisema yeye ni afisa wa Mfuko au wa benki, anataka "fedha ya faili" ili mkopo upite, kata simu. Ada halali hukatwa kwenye mkopo wenyewe na huandikwa.

## Hatua ya 9: Fedha ikiingia

Siku ya kwanza angalia kiasi kilichoingia, ukilinganishe na jibu la Hatua ya 6. Kikipungua, rudi siku hiyo hiyo.

Usitangaze. Samahani kwa kusema hivi, lakini habari ya milioni tatu haikai siku mbili kijijini bila kuzaa wagonjwa, ada na safari. Mlipe fundi kwa awamu, mabati nunua mwenyewe.

Rejesho la kwanza likikatwa, hakikisha ni kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Likizidi hata shilingi elfu mbili, uliza kwa maandishi. Wakikaa kimya, Benki Kuu ina tawi Unguja na inapokea malalamiko ya wateja wa benki, ila watataka kuona kuwa ulianza kulalamika benki yenyewe. Kwa hiyo weka nakala ya kila barua, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Uhakiki wa wastaafu, yaani kujitokeza kuthibitisha kuwa bado u hai, usiukose. Ukitangazwa, nenda siku za mwanzo. Ukiukosa pensheni inaweza kusimamishwa, na pensheni ikisimama makato yanakosekana, adhabu zinaanza, na wewe ndiye utakayeandikwa mdaiwa mbaya. Ukiwa mgonjwa au uko Dar es Salaam kwa matibabu, mjulishe Mfuko mapema kwa barua na karatasi ya daktari.

Baada ya mwaka hivi utapigiwa simu kuambiwa unaweza kutopu, yaani kuongezewa mkopo juu ya mkopo. Kabla hujajibu, fungua daftari. Mkopo wa zamani unafutwa ndani ya mpya, ada na bima vinalipwa tena, na miezi inaanza kuhesabiwa upya. Mara nyingi unachopata mkononi ni kidogo kuliko ulichodhani.

## Kwa walio kazini bado

Kama una miaka 50 na kitu, mkopo wa mshahara uumalize kabla ya siku ya kustaafu. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima 60, basi hesabu miezi iliyobaki na usikubali mkataba unaovuka hapo. Salio linalobaki hutazamiwa kwenye kiinua mgongo, na kiinua mgongo kinakuja mara moja tu maishani. Omba pia taarifa yako ya michango sasa hivi, uangalie kama kuna miezi ambayo mwajiri hakupeleka. Ukiwa kazini ni rahisi kudai. Ukishatoka, mkuu wa utumishi hata jina lako halikumbuki.

## Hatua ya 10: Kufunga deni

Rejesho la mwisho likikatwa, usingoje barua ikufuate. Nenda benki uombe barua ya kumaliza deni, yenye namba ya mkopo, tarehe na muhuri. Kama kuna hati au karatasi yoyote walikushikia, ichukue hapo hapo na utie saini kwamba umeipokea.

Kisha chukua taarifa ya akaunti mwezi unaofuata, na mwezi wa pili, na wa tatu. Makato huwa yanasahaulika kuzimwa kwenye mfumo. Ukiona umekatwa tena, unayo barua. Fedha itarudi.

Barua hiyo iweke kwenye bahasha ile ile ya kaki, pamoja na mkataba na karatasi ya bima, na umwambie mwanao wa kwanza ilipo.